Ugumba si utasa

Kiswahili kinachovuka mpaka wa Mpondwe, kati ya Kongo na Uganda, pamoja na wachuuzi wa Kasindi kimeenea Bwera na Nyakiyumbu, na kimekuja na neno lake zito: tasa. Mwanamke aliyeolewa mwaka jana tu, akichelewa kushika mimba, hupachikwa jina hilo. Ni jina la kikatili, na kwa wengi wanaoitwa hivyo si la kweli.

Istilahi inayofaa ni ugumba. Shirika la Afya Duniani huuhesabu kuanzia miezi 12 ya kujamiiana mara kwa mara bila kinga, mimba isitunge. Utasa tuuache kwa asiyeweza kabisa. Mgumba ana kizuizi, na vizuizi vingi vina tiba.

Kwa nini wenza wangoje mwaka mzima? Yai likishatoka huishi saa 12 hadi 24, na mbegu za kiume huweza kungoja ndani ya mwanamke hadi siku 5. Basi hata siku zikilengwa barabara, vijana wenye afya hupata mimba mwezi 1 kati ya 4 au 5. Mayai mengi yaliyorutubishwa yana kasoro za kromosomu, nayo huharibika kabla hedhi haijachelewa. Hakuna aliyekosea hapo. Mwaka ukiisha, wenza wapatao 85 kati ya 100 huwa wamefanikiwa. Mwanamke aliyepita miaka 35 asingoje: miezi 6 inatosha kumpeleka kliniki.

Wapo wanaohesabu kwa shanga za uzazi wa mpango, wakizilenga siku za shanga nyeupe, ya 8 hadi ya 19. Shanga hizo zilitengenezwa kwa mzunguko wa siku 26 hadi 32. Yai hupevuka kama siku 14 kabla ya hedhi ijayo, kwa hiyo mwenye mzunguko wa siku 38 atapevusha karibu siku ya 24, shanga nyeupe zikiwa zimekwisha zamani.

Kizuizi kinachonisikitisha zaidi ni mirija ya uzazi iliyoziba. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 1985 ulionyesha kwamba maambukizi yalichangia ugumba wa wanawake wa Afrika kuliko wa kwingineko. Kisonono na klamidia huweza kukaa kimya bila maumivu, na uchafu wakati wa kujifungua au mimba kuharibika nao huacha makovu. Ndiyo maana mama mwenye mtoto mmoja huweza kukwama kabisa kwa wa pili. Huo huitwa ugumba wa pili, na mara nyingi majirani hauwaingii akilini.

Kwa karibu nusu ya wenza wagumba, mwanamume naye ana tatizo. Kipimo cha manii ni rahisi kuliko vipimo vingi vya mke, kwa hiyo kifanywe mwanzoni, kabla ya kuoa mke mwingine. Mbegu huchukua siku 70 hivi kukomaa, na homa kali ya malaria huzipunguza. Majibu yakiwa mabaya, kipimo hurudiwa baada ya miezi 3.