“Kaja” na “Amekuja”: Historia ya Maneno Yetu

Fungueni madaftari yenu. Somo letu la leo ni historia ya maneno madogo tunayoyatumia kila siku.

Mpemba akimwona mgeni amefika, husema, “Kaja.” Kitabuni mwako imeandikwa, “Amekuja.” Tena katika vijiji vingi vya Pemba utasikia, “Achakuja kesho,” na kitabuni utasoma, “Atakuja kesho.” Wapo watu wazima wanaoona haya kusoma kwa sauti darasani, wakidhani kuwa maneno ya nyumbani kwao ni makosa. Je, ni makosa? La, siyo.

Itazame hiyo “ta” ya “atakuja”. Wataalamu wa lugha wanaeleza kwamba zamani ilikuwa ni neno zima, “taka”. Watu walisema “ataka kuja”, na kwa kusemwa sana neno likafupika. Sasa fikiri. Kwa asili Mpemba husema “chaka” mahali pa “taka”. Neno lake nalo lilipofupika, ikabaki “cha”. Njia ni ile ile moja. Kipemba kina kanuni zake, kama Kiunguja kilivyo na zake.

Basi kwa nini vitabu vinafuata Kiunguja? Mwaka 1928, wakati wa utawala wa Waingereza, ulifanyika mkutano Mombasa. Shule zilihitaji vitabu vya lugha moja. Kiunguja kikachaguliwa, kwa kuwa biashara ilikuwa imekwisha kukieneza mbali barani. Mwaka 1930 ikaanza kazi Kamati ya Lugha ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, ili kusimamia maandishi na vitabu hivyo.

Angalia vema: Kiunguja kilichaguliwa kwa kuwa kimeenea, wala si kwa kuwa Kipemba ni kibovu. Mwaka 1958 mtaalamu W. H. Whiteley alitoa kitabu kizima juu ya lahaja na mashairi ya Pemba. Kitu kibovu hakiandikiwi kitabu.

Kwa hiyo, ukiandika barua ya ofisini, andika “atakuja”, ili msomaji wa Kigoma au Kisumu akuelewe. Ukizungumza na mama yako, sema “achakuja”, wala usione haya. Mwenye lugha mbili hakupungukiwa.

Kazi ya nyumbani: Muulize mzee mmoja maneno matano ya Kipemba. Yaandike, na kando ya kila moja andika neno la kitabuni.

Kwaherini.