Mfuko wa nyongo: pale mpasuaji anapolazimika kubakiza

Ukipita Bombo, Tanga, utaliona jengo la kale la hospitali liitwalo Cliff Block, walilojenga Wajerumani likitazama bahari. Enzi hizo upasuaji wa kuondoa mfuko wa nyongo ulikuwa bado mchanga, na chimbuko lake ni kwao hao hao. Tarehe 15 Julai 1882, katika Hospitali ya Lazarus mjini Berlin, Carl Langenbuch alimpasua mwanamume wa miaka 43 aliyeteswa na mawe ya nyongo kwa miaka 16. Hakutoa mawe peke yake. Aliondoa na mfuko, kwa hoja kwamba ndio unaoyatengeneza. Kesho yake mgonjwa alikuwa akivuta sigara.

Kwa miaka mia na zaidi, njia ilikuwa mkato mrefu chini ya mbavu za kulia. Kisha, tarehe 12 Septemba 1985, Mjerumani mwingine, Erich Mühe wa Böblingen, akaingia kwa matundu madogo. Wakubwa wa fani wakambeza, wakaja kumtunuku mwaka 1992, wakati sifa zilikwishamwendea Mfaransa Philippe Mouret, aliyefanya kazi hiyo Lyon mwaka 1987.

Matundu yalipunguza maumivu na siku za kulazwa. Yalileta pia ajali mbaya: mrija mkuu wa nyongo kukatwa ukidhaniwa ni ule wa mfuko. Mwaka 1995 Steven Strasberg na wenzake wakasisitiza sharti: usikate kitu mpaka umeona vitu viwili tu vikiingia kwenye mfuko, mrija wake na mshipa wake wa damu, na sehemu ya chini ya mfuko imeachanishwa na ini.

Kuna siku sharti hilo halitimiziki. Mfuko umevimba muda mrefu, umenatana na utumbo, kovu limefunika kila kitu. Mpasuaji anaweza kuanzia juu ya mfuko akishuka taratibu kuelekea kwenye mirija, au kufungua tumbo. Wapo wanaohesabu kufungua tumbo kuwa ni kushindwa. Kwangu huo ni ustadi, na unapotea kadiri vijana wanavyozoea upasuaji wa matundu na kamera yake. Njia nyingine ni kubakiza: anakata sehemu kubwa, anatoa mawe, kipande cha karibu na mirija anakiacha, kisha anaweka mpira wa kutolea majimaji. Nyongo huweza kuvuja kwa siku kadhaa, na kipande kilichobaki huweza kutengeneza mawe mapya. Langenbuch asingefurahi, lakini mrija mkuu unabaki mzima. Aliye dhaifu mno hutobolewa tu, mfuko ukakamuliwa kwa mpira, upasuaji ukangoja.

Ukanda wa Tanga una sababu yake ya kuyajua mawe ya nyongo. Penye malaria nyingi, vinasaba vya selimundu vilienea, kwa kuwa aliyerithi kutoka kwa mzazi mmoja hupata kinga fulani, kama Anthony Allison alivyoonyesha mwaka 1954. Aliyerithi kwa wote wawili huugua: chembe nyekundu zake huvunjika upesi, na mabaki ya rangi yake huganda kuwa mawe, hata kwa mtoto. Akihitaji rufaa ya hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa Moshi mwaka 1971, maandalizi hayangoji safari. Maji ya kutosha, joto la mwili, oksijeni, na damu ikibidi: bila hivyo nusukaputi yenyewe ni hatari kwake, hata mfuko ukiwa rahisi kutoka.