Mto Ukikata Barabara: Ambulensi, Daraja na Mipaka ya Mamlaka Kajiado

Huku Rombo, kusini mwa kaunti ya Kajiado, jua linaweza kuwa linawaka na bado korongo likajaa ghafla, kwa sababu mvua imenyesha juu, mlimani Kilimanjaro. Dereva huzima injini, akashuka na kulitazama jiwe analolijua kando ya kivuko. Jiwe likizama, hapiti mtu. Mama mwenye uchungu anayepelekwa hospitali ya Loitokitok atasubiri pamoja na wenye mbuzi na wenye magunia ya vitunguu mpaka maji yashuke.

Kitengela, mji wa kaunti hiyohiyo uliokuwa na watu 154,436 katika sensa ya 2019, ulidhaniwa kuwa na usalama zaidi kwa kuwa una lami. Mwishoni mwa Aprili 2024 dhana hiyo ilivunjika. Mto ulivunja kingo, maji yakaifunika sehemu ya barabara ya Namanga, magari yakakwama, na familia zikazingirwa na maji. Msimu ule wa mvua uliua karibu watu 300 nchini Kenya. Kwa upande wa huduma za dharura, siku hizo Kitengela na Rombo zilikuwa kitu kimoja: mahali penye njia moja, na njia hiyo imezama.

Hoja yangu ni kwamba tumekuwa tukipima kitu kisichofaa. Tunahesabu kilomita za lami, wakati swali la mgonjwa ni saa ngapi kwa mwaka ambulensi haiwezi kumfikia. Barabara ya Athi River hadi Namanga ilijengwa upya kama sehemu ya mradi wa kufika Arusha, takriban kilomita 240 kwa jumla, na kama njia ya biashara imefanya kazi kubwa. Ila lori la saruji linaweza kungoja hadi kesho. Mtu anayevuja damu hawezi. Anayezuiwa Kitengela asifike Nairobi hulazimika kurudi kusini hadi Isinya ndipo azungukie Kiserian, na hata mzunguko huo una faida kwa yule tu ambaye bado anaweza kutoka mtaani kwake.

Kutoka mtaani ndiko kugumu. Ardhi ya Kitengela ilikuwa ya malisho kabla ya kugawanywa kuwa ploti za futi 50 kwa 100, na sehemu kubwa ni ule udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Barabara iliyojengwa juu yake bila kuuondoa au kuuchanganya na chokaa hupinda kama mkeka. Paa na sakafu za saruji zimeongezeka, kwa hiyo maji yaliyokuwa yakinywewa na nyasi sasa yanakimbilia mtaroni. Kisha ukiinama kutazama kalvati, unakuta mdomo wake una matope, chupa za plastiki na gunia lililooza. Maji hayana pa kupita ila juu ya barabara. Kalvati moja ikizibwa, gari la zimamoto linabaki upande wa pili wakati nyumba inateketea.

Nani anawajibika? Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti ambulensi, zimamoto na usimamizi wa majanga. Barabara kuu zimebaki kwa serikali ya kitaifa. Kifungu cha 43 kinasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Anayemiliki ambulensi, basi, hamiliki daraja la barabara kuu, na anayemiliki daraja haulizwi mgonjwa alifia wapi. Kwa maoni yangu, pengo hili ni la hatari kuliko upungufu wa saruji.

Wapo watakaosema kaunti yenye zaidi ya kilomita za mraba 21,000 haiwezi kuinua kila kivuko. Ni kweli, wala haihitajiki. Mhandisi achukue ramani, aondoe daraja moja baada ya jingine, na kila mara ahesabu watu waliotengwa na hospitali. Vivuko vichache vitajitokeza kuwa vibaya kuliko vyote. Fedha zianzie hapo. Kwingineko kuna hatua nafuu: kuzibua kalvati kabla ya masika, na Idara ya Hali ya Hewa ikitabiri mvua kubwa, kuhamishia ambulensi moja, mkunga na dawa ng'ambo ya korongo wakati jiwe bado linaonekana.