Istilahi za Ushahidi wa Kompyuta

Jina Kariakoo lilitokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Kiswahili kikalitohoa, likakaa. Leo mitaa hiyo ya Dar es Salaam huuza simu na kompyuta, ambazo kumbukumbu zake huweza kuwa ushahidi. Mwaka 1974 Serikali ilizuia uingizaji wa kompyuta nchini. Mwaka 2015 Bunge lilitunga Sheria ya Makosa ya Mtandao. Mwaka 2021 Kiswahili kikafanywa lugha ya mahakama. Hivyo mwanafunzi wa sekondari atakaye kazi ya uchunguzi wa kisayansi wa kompyuta hana budi kuimudu kwa Kiswahili. Faili lililofutwa huweza kuwamo bado katika diski. Shahidi akisema “lilifichwa”, mshtakiwa ameongezewa nia asiyokuwa nayo. Twapendekeza walimu waanze na tofauti hiyo.