Walioivuka Nyika Kwenda Kulipua Reli

Mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Moshi ilikuwa mji wa vita. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, aliweka makao yake hapa, na reli iliyotoka Tanga ikamletea askari na shehena. Ng'ambo ya mpaka, katika Kenya ya leo, Waingereza walikuwa na reli yao, ya kutoka Mombasa hadi Kisumu. Lettow-Vorbeck hakuwa na jeshi la kutosha kuiteka, akaamua kutuma vikosi vidogo viiharibu.

Kila kikosi kilikuwa na watu kama kumi: Wazungu wachache, waliobaki askari Waafrika na wapagazi. Walianzia upande wa Taveta, iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani tangu Agosti 1914, wakapenya nyika kavu yenye miiba na simba, karibu kilomita 100 hadi relini. Baruti nyingine ilitoka mashambani mwa walowezi, nyingine ilitekwa kwa Waingereza walioshindwa Tanga. Waingereza walipoanza kutanguliza mabehewa ya mchanga mbele ya kichwa cha treni, mafundi wa Kijerumani walirekebisha mitego yao: magurudumu ya kwanza yapite salama, mlipuko uje baadaye.

Lakini adui mkubwa alikuwa kiu. Majeruhi hakuweza kubebwa siku kadhaa bila maji, na wote walilijua hilo tangu wanaondoka kambini. Katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1920, Lettow-Vorbeck anasimulia habari za askari waliojeruhiwa, wakajua wanaachwa porini, wasilalamike. Wakatoa wenyewe bunduki na risasi zao, wenzao wakaondoka nazo. Ni ushujaa wa kutisha, na kwangu ndio kiini cha vita vile vya reli. Inauma kwamba sifa zimemfuata kamanda hadi leo, ilhali waliokabidhi bunduki wanatajwa kwa jumla tu, kana kwamba hawakuwa na mama wala kijiji. Tena vita hivyo havikuwa vyao. Vilikuwa ugomvi wa wakoloni wawili juu ya ardhi ya watu wengine.

Vikosi hivyo viliwasumbua Waingereza mno, ila havikuwazuia. Walijenga reli ya kijeshi kutoka Voi kuelekea Taveta, na Machi 1916 kamanda wao, Jenerali Jan Smuts, alishambulia kwa nguvu. Baada ya mapigano makali kwenye vilima vya Latema na Reata, Wajerumani walirudi nyuma na Moshi ikaanguka katikati ya mwezi huo. Lettow-Vorbeck aliteremka kusini na jeshi lake, akaendelea kupigana hadi Novemba 1918.