Nishani Zisizo na Jina

Ukishuka Jogoo Road kula nyama pale Burma, kisha upitie Kariakor kutafuta kiondo, umetembea ndani ya vita viwili. Kariakor ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Burma ni kule askari wa King's African Rifles, au Keya kama wazee walivyosema, walikopigana na Wajapani katika Vita vya Pili.

Kwetu vita hivyo vya pili viko kwenye mkebe wa majani chai. Ndani kuna Nyota ya Afrika na Nyota ya Burma, za babu zangu wawili, ndugu wa tumbo moja waliozaliwa Karungu, Migori. Baada ya vita mkubwa alibaki Karungu, mdogo akahamia Kendu Bay, upande wa Homa Bay. Wote walishafariki. Mwaka jana wajukuu walianza kuvutana: kila nyumba inadai babu yao ndiye aliyefika Burma. Ile ya Afrika hakuna anayeitaka. Binamu mmoja akasema basi tuuze zote, tugawane pesa.

Digrii ya historia sina, chuo niliacha njiani, lakini nilizikagua zile nyota mbele na nyuma. Nishani za Vita vya Kwanza zilichorwa jina na namba ya askari ukingoni. Za Vita vya Pili, Uingereza iliwapa wengi bila kuandika chochote. Katikati ya nyota kuna herufi za Mfalme George wa Sita na taji lake. Mfalme ametajwa. Aliyevuja jasho hajatajwa.

Nikampigia nyanya yetu mmoja, binti wa yule mkubwa, amepita miaka 80.

"Nyanya, nani alienda wapi?"

"Mjukuu wangu, hayo ya nyota mi siyajui. Niulize walisimulia nini."

Baba yake alisimulia mchanga: mchanga kwenye chai, mchanga kwenye macho, na mashimo waliyochimba Misri bila kuona adui. Baba yake mdogo alikuwa na hadithi moja tu, ya mvua na ruba ndani ya buti. Mvua ikinyesha usiku aliamka, akakaa mlangoni hadi ikatike.

Hapo kesi ikaisha. Mwaka wa 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka bonde la Kabaw wakati wa masika ya kule, katika matope na malaria, hadi ikavuka mto Chindwin pale Kalewa mwezi Desemba. Huyo wa mvua ni mdogo. Mkubwa alikuwa Misri na vikosi vya kazi, vilivyochimba, vilivyojenga na kupakia mizigo. Nyumba ya Karungu haikufurahi, lakini ilikubali.

Tusidanganyane kuhusu shukrani ya mfalme. Nyaraka zilizofichuliwa mwaka wa 2019 zilionyesha kwamba katika malipo ya kuagwa jeshini, askari mweupe wa cheo cha chini kutoka makoloni haya alihesabiwa shilingi 10 kwa kila mwezi aliotumikia. Mwafrika, shilingi 3.50. Ukiziuza leo nyota hizi utapata kidogo pia, kwa sababu bila jina mnunuzi hawezi kujua zilikuwa za nani. Sisi tunajua, kwa hiyo haziuzwi. Kila moja imeenda kwa nyumba yake, pamoja na karatasi yenye jina la mwenyewe na kile alichosimulia.

Nyanya alikuwa na swali lake pia: "Na baba yao je?" Baba yao alibebeshwa mizigo katika vita vya kwanza, vile ambavyo Wajerumani waliingia hadi Karungu Septemba 1914. Kenyatta Avenue kuna sanamu ya mpagazi, haina jina. Yeye hakurudi na nishani yoyote ya kugombaniwa. Karatasi yake nimeiandika pia, na kwa sasa ina mistari miwili tu.