Nyuma ya Greda

Mjomba wangu hakai kwenye kivuli cha mashine. Kwa miaka mingi nilidhani ni ukaidi wa wazee tu, mpaka siku tuliyokuwa tunatoka Kilosa kwenda Mikumi na gari letu likachemsha njiani. Jua la saa saba, hakuna mti wa maana karibu. Pembeni ya barabara limeegeshwa greda la njano, matairi marefu kuliko mimi. Dereva na mimi tukajisogeza nyuma yake, kwenye kile kipande cha kivuli. Mjomba akabaki juani, kofia mkononi.

"Tokeni hapo," akasema. Hakufoka. Alisema kama mtu anayemtoa mtoto ukingoni mwa kisima.

Tukatoka. Ndipo tukiwa tunasubiri injini ipoe, akanisimulia jambo ambalo hata mama yangu, dada yake wa tumbo moja, hakuwa akilijua. Nitalifikia. Lakini niliporudi mjini nilijikuta na swali ambalo halikunitoka: watu wa huku kwetu walifundishwaje kuendesha mashine hizi? Na nani alilipa ada ya somo hilo?

Kwanza tuelewane kuhusu greda lenyewe. Mtaani kila mashine ya kuchimba ni katapila, jina la kampuni limegeuka jina la ukoo mzima. Greda ni kitu kingine. Buldoza linasukuma, kijiko kinachota, ila greda kazi yake ni kunyoosha: lina kisu kirefu chini ya tumbo, kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, nalo ndilo linaloipa barabara mgongo ili maji yakimbilie mitaroni. Lilianza kama kifaa cha kukokotwa na farasi kule Marekani. Joseph Adams alitengeneza lenye magurudumu yanayoinama mwaka 1885, na mwaka 1931 Caterpillar wakatoa la kwanza lililounganisha injini, kisu na matairi kuwa mashine moja inayojiendesha. Tangu hapo umbo halijabadilika sana. Maopereta wenyewe watakuambia ndiyo mashine ngumu kuliko zote kujifunza, kwa sababu sentimita mbili za kisu huziona vizuri kwa macho, unazisikia kiunoni.

Na lina hila zake. Opereta anaangalia mbele na chini, kwenye kisu. Nyuma kuna injini kubwa inayomziba. Halafu kazi yenyewe ni ya kwenda na kurudi: mita mia mbele, mita mia kinyumenyume, siku nzima, mpaka kurudi nyuma kunakuwa kama kupumua. Anayekaa nyuma ya greda amekaa mahali ambapo opereta hamuoni, ilhali atapita hapo dakika mbili zijazo.

Mashine za namna hii zilifika kwa wingi katika ukanda huu mwaka 1947. Bila shaka umesikia habari za mradi wa karanga wa Kongwa. Vita vilikuwa vimekwisha, Waingereza wana njaa ya mafuta ya kula, serikali yao ikaamua kulima karanga kwenye ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika. Mashine zilishushwa bandarini Dar es Salaam zikapakiwa kwenye reli ya Wajerumani, ileile inayopita Morogoro, ikashika bonde la mto Mkondoa pale Kilosa na kupanda kuelekea Dodoma. Kwa hiyo Kilosa iliziona zikipita kabla Kongwa haijazipokea.

Na zilikuwa mashine gani! Nyingi zilikuwa mabaki ya jeshi la Marekani yaliyokusanywa Ufilipino, yameshaliwa na kutu. Baadaye yakaja yale yaliyoitwa Shervick, vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Fikiria mtu amezaliwa kijijini, hajawahi kushika usukani wa baiskeli, anapandishwa juu ya kifaru kilichokuwa vitani na kuambiwa ang'oe mbuyu. Wengine walikuwa askari waliorudi kutoka Burma, hao angalau walijua injini ni nini. Wakufunzi walikuwa wachache, lugha ya kufundishia ilikuwa Kiswahili cha kuamrishana, na haraka ilitoka London. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizosafishwa hazikufika 10,000.

Alan Wood, mwandishi wa habari aliyefanya kazi katika idara ya habari ya mradi huo, aliandika kitabu chake mwaka 1950, The Groundnut Affair. Nimekisoma nikiwa na mjomba kichwani. Jambo linaloniudhi katika simulizi za Kongwa kwa jumla, za Wood na za waliomfuata, ni jinsi opereta Mwafrika anavyoingia kama kichekesho: yule aliyeua mashine kwa kutojua oili. Ni kweli mashine zilikufa. Lakini zilikuja zikiwa mahututi, vipuri havikuwepo, karakana zilikuwa hema, na udongo wa Kongwa ukikauka unakuwa kama saruji. Kumtupia lawama mtu aliyepewa wiki chache za mafunzo juu ya mashine mbovu ni kutafuta mnyonge wa kubebeshwa. Mwezi Septemba 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, mgomo ukasafiri na reli mpaka Kongwa. Hao waliochekwa walijua sana thamani ya jasho lao. Mapema mwaka 1951 mradi ukatangazwa kufa na zaidi ya pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni.

(Hapa nifungue mabano. Makuli wa Zanzibar wana riwaya yao, Kuli ya Shafi Adam Shafi. Opereta wa greda sijakutana na yake. Ninyi mnaosoma zaidi yangu, mkiijua niambieni.)

Kongwa iliacha kitu kimoja ambacho hakikuandikwa kwenye hesabu za hasara: watu waliojua. Walisambaa na ujuzi wao, wakawa madereva na makanika kwenye mashamba ya mkonge ya Kimamba na kwenye kambi za barabara. Mafunzo rasmi nayo yakaanza kujitokeza hapa na pale. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilifungua shule ya ufundi Ifunda, Iringa, kwenye majengo yaliyokuwa kambi ya wakimbizi wa Kipolandi. Lakini kwa mashine kubwa shule ya kweli ilikuwa ile ya utingo. Unaajiriwa kupaka grisi na kubeba dumu la maji. Unalala chini ya mashine. Unaangalia mikono ya opereta mwaka, miaka miwili. Siku akichoka, au akilewa, anakuambia panda.

Mjomba alipita humohumo. Alikuwa kijana wa Kilosa katikati ya miaka ya sabini, na kazi ilikuwa kwenye barabara ya Zambia. Barabara ile ina historia yake. Ian Smith alipojitangazia uhuru wa Rhodesia tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ikakatiwa njia ya kusini, na mafuta yake yakaanza kupita kwenye mapipa kwa malori kutoka Dar es Salaam: Morogoro, Mikumi katikati ya tembo, bonde la Ruaha, mlima Kitonga. Ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika. Madereva wa Kizungu waliipa jina la Jehanamu, na walioacha roho zao mle ni wengi. Mpaka ilipowekwa lami, greda ndilo lililoishikilia barabara hiyo isitoroke, na hata baada ya lami kazi za pembeni na michepuko hazikuisha.

Aliajiriwa na mkandarasi mmoja ambaye sitamtaja. Opereta wake alikuwa mzee kutoka Dodoma aliyejifunzia Kongwa. Mjomba anamkumbuka kwa heshima kubwa. "Alikuwa akinyoosha barabara, yai linabingirika moja kwa moja," anasema. Mzee huyo hakuwahi kumfundisha kwa maneno. Mjomba alijifunza kwa kumtazama, kuanzia namna ya kuinamisha magurudumu ya mbele kupinga msukumo wa udongo mpaka namna ya kuliacha tuta la moramu likae ukingoni ili raundi ya pili ilirudishe. Hayo yote aliyaiba kwa macho. Kuna kitu kimoja tu hakukiiba kwa sababu hakikuwepo cha kuiba: mzee hakuwa na desturi ya kushuka na kuzunguka mashine kabla ya kuiondoa. Kongwa hawakumfundisha. Alikuwa anapiga kelele tu, "Oyaa!", halafu anaingiza gia.

Siku hiyo mzee alikuwa na homa. Alikwenda kulala kambini mchana akamwachia mjomba amalizie kipande. Walikuwa mautingo wawili, mjomba na mwenzake, rafiki yake wa karibu, ambaye jina lake nimeombwa nisiliandike. Wakala ugali. Mwenzake akasema anajinyoosha kidogo. Mjomba akapanda, akapiga kelele kama mzee wake alivyokuwa akipiga, akaingiza gia ya nyuma.

Hakuendelea kusimulia kwa muda. Dereva wetu akawa anafungua na kufunga kifuniko cha rejeta bila sababu.

Polisi walikuja, wakaandika ajali kazini. Mzee wa Dodoma alisema yeye ndiye aliyekuwa kwenye usukani, kwa sababu mjomba hakuwa na kibali cha kuendesha na angefungwa. Familia ya marehemu walipewa kitu kidogo, mjomba anakumbuka sanda na usafiri wa lori. Mzee akafukuzwa. Mjomba akapewa greda lake. Aliliendesha kwa zaidi ya miaka ishirini.

Nilimuuliza kwa nini hakuacha. Akanitazama kama nimeuliza upuuzi. "Ningefanya kazi gani? Na nilikuwa tayari nimeshajifunza."

Wakati huohuo, si mbali na hapo, reli ya TAZARA ilikuwa imekatwa porini kati ya 1970 na 1975, na kambi kubwa ya Wachina ilikuwa Mang'ula, chini ya milima ya Udzungwa. Wazee wa huko husimulia kuwa Mchina alifundisha kwa kuonyesha: anafanya, unafanya, anakushika mkono. Zaidi ya Wachina 60 walikufa katika mradi ule na wana makaburi yao Gongo la Mboto, yanayotunzwa, yenye majina.

Sheria zilikuja polepole. Kwa miongo mitano tulitegemea sheria ya viwanda ya mwaka 1950, ambayo ilimfikiria mtu aliye chini ya paa zaidi ya mtu aliye porini na greda. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ni ya 2003. Inamtaka mwajiri atoe mafunzo na vifaa vya kujikinga. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kazi 2015. Hesabu mwenyewe umbali kutoka lile lori lililobeba sanda.

Morogoro sasa kuna taasisi ya teknolojia ya ujenzi, ile iliyokua kutoka chuo cha zamani cha wizara ya ujenzi, na opereta anaweza kupata cheti bila kulala chini ya mashine miaka miwili. Ujenzi wa reli ya kisasa, kipande cha Morogoro hadi Makutupora kinachopenya milima ya Kilosa kwa mahandaki, uliwapa vijana wengi kofia ngumu na viakisi kwa mara ya kwanza. Niliwahi kuhudhuria siku moja ya mafunzo kwenye uwanja mmoja wa udongo mwekundu, vijana kumi na mbili na greda moja. Asubuhi nzima hakuna aliyewasha injini. Walizunguka. Tairi, bomba za mafuta, pini ya kiungo cha katikati ambapo mashine inajikunja na kumbana mtu kama mlango, kisha nyuma, chini, nyuma tena. Kupanda: mikono miwili na mguu mmoja, au miguu miwili na mkono, kamwe usiruke. Mkanda. Honi, subiri, honi. Mtu wa ishara asiyeonekana na opereta maana yake mashine inasimama. Kuegesha: kisu kinashushwa mpaka ardhini. Kijana mmoja alinong'ona kwamba amekuja kujifunza greda, siyo kutembea.

Nilimsimulia mjomba hayo, palepale barabarani, nikidhani atacheka usomi wa siku hizi. Wazee wenzake wengi hucheka. Na wana haki kiasi, maana vipo vyeti vinavyonunuliwa, na yupo mzee mwenye mikono ya dhahabu anayenyimwa kazi leo kwa kukosa karatasi.

Hakucheka. "Honi, wanasubiri kiasi gani?" akauliza.

Nikasema sekunde kama kumi.

Akahesabu, kimoyomoyo, midomo ikicheza. Nadhani alifika kumi. Gari lilikuwa limepoa, dereva akatuita. Kabla ya kupanda, mjomba alilizunguka greda lile la watu, taratibu, mkono mmoja ukigusa bodi yake, akainama nyuma ya matairi kuangalia, akaenda mbele akakitazama kisu.

"Kimeshushwa," akasema, akavaa kofia.

Tukaendelea Mikumi.